Rauta yenye OpenWrt kwenye steshenari yangu Mtwara: uzoefu wangu

Wadau, nina steshenari hapa Mtwara mjini upande wa Chikongola, tunaprinti, tunaskani, na tunawajazia watu maombi ya mkopo HESLB na mambo ya TRA. Intaneti ni faiba na kasi yake siyo mbaya, ukiipima asubuhi kabla wateja hawajaingia unaona iko safi kabisa, shida ni pale mtu mmoja akianza kuaplodi mafaili mazito, hapo hapo mashine zote zinaganda, ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) inaruka mpaka milisekunde mia kadhaa na mteja anahisi tunamzungusha makusudi.

Kumbe kasi haina kosa, kosa ni foleni. Modemu inapanga kila paketi, yaani kila kipande cha data, kwenye mstari mmoja mrefu, yaani kama kivuko cha Msangamkuu Fuso zikitangulia, bodaboda mwenye kifurushi kidogo naye anasota humo humo.

Nikachukua rauta ya mtumba inayokubali OpenWrt, programu ya bure ya kuendeshea rauta badala ya ile ya kiwandani, nikaweka SQM, yaani kifaa chake cha kupanga foleni, nikachagua mbinu ya CAKE ambayo imo ndani ya Linux tangu 2018, ila kama rauta yako nyonge weka mbinu ya fq_codel, ni nyepesi zaidi. Unapima kasi halisi halafu unaiwekea kikomo kwenye asilimia 85 mpaka 90 hivi, kupandisha na kushusha kila kimoja chake, ili foleni ijipange kwako na siyo kule kwa mtoa huduma. Halafu zima ile hardware offloading (chipu ya rauta kupitisha data yenyewe bila kupitia programu) maana ikiwa imewashwa paketi zinaipita SQM pembeni na utasema haifanyi kazi. Aisee sasa hivi mmoja anapandisha video, mwenzake yuko kwenye usaili wa Zoom na sauti haikatiki.

Ila msitarajie miujiza. Kasi ya juu kabisa unaipoteza kidogo, na kwa wenye 4G jioni mnara ukijaa kasi inapanda na kushuka, kikomo ulichoweka mchana kinakuwa hakina maana. Ukimaliza GB zako kampuni ikakubana, hakuna rauta ya kukurudishia. Na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hapo ilikuwa kusubiri tu kama nchi nzima.

OpenWrt naipa nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu ya kuflashi, yaani kuiwekea rauta programu mpya, soma stika ya chini uone ni v1 au v2, ukiweka faili la toleo lingine rauta inaweza kufa hapo hapo.