Bima ya Maisha ya Kazini: Nyota Nne, Ingawa Bado Sijaitumia

Mimi ni mtunza ghala katika kiwanda kimoja hapa Kisumu, na ninachokipima leo ni zawadi ya mwajiri inayofika kwako nyumbani siku ambayo wewe hutafika tena kazini.

Bima hii tulizinduliwa kantini. Kampuni ya bima ilituma kijana aliyepigwa pasi hadi soksi, na projekta yake na kreti za soda. Saa nzima alizungumzia "tukio" na "hali isiyotarajiwa" bila kutamka kufa hata mara moja. Alipouliza kama kuna swali, mzee wa boila akasimama: "Kijana, nikishakufa, nitajuaje kwamba mmelipa?" Kijana akasema hilo ni swali zuri sana, akabonyeza picha inayofuata.

Mpango wenyewe ni kwamba mwajiri analipa ada yote, mshahara wangu haukatwi kitu. Nikifa, iwe ni kwa ugonjwa au ajali, kazini au nyumbani, warithi wanalipwa mshahara wangu wa miaka mitatu. Wengi kazini wanaichanganya na WIBA, ile sheria ya 2007 inayomlazimu mwajiri kutukatia bima ya kuumia au kufa tukiwa kazini. Hii nyingine ni hiari yake. Katoni zikiniangukia ghalani, WIBA inahusika. Gari likinigonga Kondele Jumapili nikitoka kanisani, WIBA haina habari na mimi.

Napokea 32,000 kwa mwezi. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti nikapata 1,152,000. Nikiwa hai sijawahi kuishika hata robo yake. Nikamwonyesha mume wangu. Sasa yeye, aliyekuwa akiziita boda boda jeneza lenye injini, nikichelewa asubuhi ananiambia, "Si uchukue tu boda, mama watoto?"

Penye jasho ni fomu ya warithi, maana asilimia lazima zifike 100. Mume nilimpa 40, watoto wawili 20 kila mmoja, mama yangu 20. Mume aliziangalia zile 20 za mama muda mrefu kuliko alivyoangalia zake. Na kwa kuwa watoto hawajafika miaka 18, wanataka uandike mlezi wa kuwapokelea. Hapo ukoo mzima unakupitia kichwani, mmoja mmoja, nawe unakumbuka ni nani aliazima sufuria hadi leo. Dereva wetu wa lori alijaza yake kabla ya kuoa na hajaibadilisha. Tukimuuliza ni jina la nani limo humo, anakwenda kukagua upepo wa magurudumu. Ukioa, ukiachana au ukizaa, tafadhali omba fomu mpya.

Lakini kilichonipendeza zaidi si hiyo milioni, ni pesa za mazishi: 100,000, ambazo mkataba wetu unasema zinatoka ndani ya saa 48 familia ikishapeleka kibali cha mazishi na karatasi nyingine. Anayeyajua matanga ya kwetu Vihiga anajua laki moja haifiki mbali. Ilipe mochari, jeneza na gari la kunipeleka nyumbani, imekwisha. Hema, viti, jenereta, sukari ya wanaokesha na fahali wa mashemeji, hayo ni ya harambee. Ila kamati itaanza na kitu mkononi. Nimekuwa mweka hazina wa vikundi vya matanga vya WhatsApp, nikaona jinsi "poleni sana" zinavyofurika huku M-Pesa ikidondoka moja moja, na mochari inahesabu kila usiku.

Kasoro kubwa ni kwamba bima hii hubaki getini. Ukifutwa Ijumaa, Jumamosi unakufa kwa gharama yako. Kijana wa soksi alipita hapo mbio. Ndiyo maana sijaacha kuchangia mfuko wa pole wa chama chetu cha akina mama, ambao utanijua hata nikirudi kuuza nyanya Kibuye.

Nyota nne. Ya tano iko kwa afisa wa wafanyakazi pamoja na nakala ya fomu yangu yenye muhuri, ninayoidai tangu Aprili. Kila nikiuliza ananijibu, "Haraka ya nini, dada? Kwani uko na mpango?"