Friends of Karura Forest: Huduma Inayostahili Sifa

Anayeendesha baiskeli leo chini ya kivuli cha Karura, au anayetembea hadi kwenye maporomoko na mapango yake, ni vigumu kuamini kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai alijeruhiwa na wahuni hapo alipokwenda kupanda mti kupinga unyakuzi wa ardhi. Msitu huu wa takriban hekta 1,000 ndani ya Nairobi husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) kwa ushirikiano na wanajamii wa Friends of Karura Forest, na ushirikiano huo unaonekana kila hatua: uzio wa umeme, walinzi wa doria, na vibao vyenye namba kwenye makutano ya njia, ambavyo humwezesha hata mgeni kujua alipo. Kinachonifurahisha zaidi ni mbega waliorejeshwa msituni, kwa maana burudani hapa haikuachwa imeze uhifadhi. Mwishoni mwa wiki watu hufurika, kwa hiyo apendaye utulivu na aende asubuhi ya siku ya kazi, bila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja, kwani imepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020.