Kitalu cha maua barabara ya Bagamoyo: viazi vya gladiola nanunua, ua la Kitulo naliacha

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, masika yakianza kuchoka, nashuka kutoka Goba kwenda kwenye kitalu kimoja kando ya barabara ya Bagamoyo kununua viazi vya gladiola. Mwaka huu nimekwenda mara tano. Mara tatu nilirudi nimefurahi. Mara ya nne nilirudi mikono mitupu na moyo mzito, ndiyo maana naandika. Jina la kitalu nalihifadhi. La kulaumu nimeshamwambia mwenye kitalu uso kwa uso, na sipendi vijana wanaofanya kazi pale wakose riziki kwa ajili yangu.

Nianze na viazi, maana hapo wanastahili sifa. Vinakuja kwenye vifuko vya wavu, kumi kumi, vina lebo ya Uholanzi na picha ya ua. Kimoja kimoja ni shilingi 3,000, ukichukua kifuko kizima ni 25,000. Wanakuruhusu ufungue na kuchagua, jambo ambalo vitalu vingi havikubali. Kiazi kizuri cha gladiola ukikiweka kiganjani ni bapa kidogo, kizito kuliko unavyotegemea, na kimevaa ganda la nyuzi kavu kama kipande cha gunia. Ukibonyeza kwa kidole gumba kisiingie. Watu hukiita kitunguu, lakini nilipomkatia mjukuu wangu kimoja, hakuona matabaka. Ndani ni nyama tupu, nyeupe, imejaa wanga. Hicho ndicho chakula chake cha kusubiria mvua.

Nilinunua 30, kwa ajili ya kupamba altare siku ya kipaimara usharikani kwetu. Nilivifukia vidole vinne chini ya udongo, kwenye tuta la mchanga uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri. Vikaota 27. Vile vitatu vilivyooza nilivirudisha vikiwa na uvundo wake, na kijana wa pale akanibadilishia viwili bila maneno mengi. Hilo nalisema kwa shukrani, kwa sababu Dar ukirudisha mche uliokufa mara nyingi unaambiwa hukuumwagilia.

Ua la kwanza lilifunguka siku ya 78. Gladiola hufungua kutoka chini kwenda juu, na maua yote ya bua moja hutazama upande mmoja, kama wanakwaya wanaomtazama mwalimu wao. Niliagiza meupe, manne yalitoka ya waridi. Kwa mpambaji hiyo si kasoro ndogo, ila nitawasamehe, kwa kuwa kosa huenda lilianzia kwenye kifuko.

Nisichokubaliana nacho ni ushauri wao. Kila mteja anaambiwa "mwagilia asubuhi na jioni", awe kanunua mchikichi wa mapambo au gladiola. Kwa joto letu na unyevu wa pwani, kiazi kinachomwagiwa mara mbili kwa siku kinaoza kabla hakijatoa jani la tatu. Mimi nilimwagilia kila siku ya tatu, na majani yalipoanza kuwa ya njano baada ya maua, nikaacha kabisa. Ukichimba wakati huo utaona ajabu ndogo: kile kiazi ulichopanda kimesinyaa na kuwa kama kigae, juu yake kimekaa kiazi kipya, na pembeni wamejipanga watoto wadogo wadogo kama mbaazi. Vikaushe, viweke mahali penye hewa, utavipanda tena mwakani.

Sasa niseme kwa nini ua hili linanigusa hivi. Mimi ni mtu wa Makete, na nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka 29 kabla ya kustaafu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapanda hadi kwenye uwanda wa Kitulo, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai nyasi huamka zimekuwa nyeupe kwa barafu. Moto ukishapita na mvua za kwanza zikinyesha, kwenye miteremko ya chini ya uwanda, katikati ya nyasi changa, lilikuwa linatokea gladiola la porini. Ni la rangi ya moto: jekundu linaloelekea machungwa, na njano kooni, petali ya juu imeinama kama kofia. Ndege wadogo waitwao chozi walikuwa wanalijia asubuhi, wanaingiza mdomo wao mrefu uliopinda hadi ndani, wanatoka na unga wa chavua kichwani. Kisayansi linaitwa Gladiolus dalenii, na si la kwetu peke yetu. Linaishi kwenye mbuga na miombo sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki, linavuka hadi Madagaska na Uarabuni.

Katika karne ya 19 watunza bustani wa Ulaya walilichukua ua hilo wakalichanganya na ndugu zake wa Afrika Kusini. Machotara maarufu wa mwanzo walitokea Ubelgiji, na kutokana nao na wengine waliofuata yakapatikana haya magladiola makubwa yanayouzwa dunia nzima. Kwa hiyo kiazi chenye lebo ya Uholanzi ninachonunua Dar kina damu ya ua lililokuwa linachipuka njiani kwetu. Nikilishika bua la gladiola mbele ya altare, kwangu ni mtoto wa nyumbani aliyekwenda mbali akarudi na nguo nyingine.

Jamaa ya gladiola, yaani familia ya mimea iitwayo jamaa ya airisi, ni kubwa, ina spishi zaidi ya 2,000, na zaidi ya nusu zinapatikana kusini mwa Afrika. Hata zafarani mnayotia kwenye biriani imo: ni zile nyuzi tatu nyekundu za katikati ya ua la Crocus sativus. Airisi yenyewe, iliyoipa jamaa jina, kwa asili ni ya upande wa kaskazini wa dunia. Huku kwetu huikuti mwituni. Ukitaka kuitambua jamaa hii, fungua ua uhesabu stameni, vile vijiti vyenye unga wa chavua. Zikiwa tatu kwenye ua la petali sita, mara nyingi umefika. Lile ua jekundu la duara kama mpira linalotokeza chini ya miembe ya Dar mvua zikianza, watu wengi hulihesabu humu, lakini kila kiua chake kina stameni sita. Ni jamaa nyingine.

Nawaambia haya kwa sababu pale kitaluni kuna kibao kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "AIRISI ZA PORINI", na chini yake mwezi Juni palikuwa na vifuko vyeusi saba.

Hiyo ndiyo mara yangu ya nne. Niliviona tangu getini, nikasogea, nikachuchumaa. Ndani mlikuwa na Aristea, mmea wa jamaa hii hii ya gladiola. Majani yake ni membamba, magumu, yamepangana bapa kama feni ya kukunja. Kwenye bua moja kulikuwa na ua limefunguka, la buluu ambayo huioni kwenye kitu kingine chochote cha bustani zetu. Ukubwa wake kama sarafu, petali sita, stameni tatu za njano katikati. Nilitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Aristea hufunguka asubuhi tu. Ikifika mchana petali zinajisokota pamoja kama kitambaa kinachokamuliwa, na ua lile halifunguki tena. Kesho yake linafunguka jingine. Nyumbani, sisi watoto wachunga kondoo tulikuwa tunajua saa kwa ua hilo.

Kijana akaniambia, "Mama, hii ni ya Kitulo kabisa, imeingia juzi na basi la Mbeya. Elfu ishirini na tano tu."

"Mmeipanda wenyewe, mwanangu?"

"Hapana mama, kuna mtu anatuletea."

Nikakipasua kifuko kimoja pembeni, kwa ruhusa yake. Udongo ulikuwa mweusi kama mkaa uliosagwa, udongo wa kwetu, haufanani kabisa na mchanga wa kitalu uliozungushwa kando yake. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa jembe upande mmoja. Katikati yake kulikuwa kumeng'ang'ania kipande cha nyasi na mizizi yake, bado kibichi. Mmea uliooteshwa kitaluni hauji na nyasi za mlimani ndani ya mizizi. Huu uling'olewa.

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, eneo la kilomita za mraba karibu 413, na ilitangazwa hasa kwa ajili ya maua yake. Watu wa kwetu tangu zamani wanaiita Bustani ya Mungu. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kung'oa mmea. Na nimeona kwa macho yangu yaliyotokea kwa okidi: viazi vyake vikachimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, mpaka kuna miteremko uliyokuwa unaijua kwa okidi zake ukipita leo huzioni. Sitaki kuona jamaa ya gladiola ikianza safari hiyo hiyo kwa ajili ya baraza za Mbezi Beach.

Halafu huyo anayenunua hapati kitu. Maua ya jamaa hii kila moja lina mahali pake, na mahali penyewe ni padogo. Moraea za kwetu zinapenda nyasi fupi zenye maji maji chini. Dierama, yenye vikengele vya waridi vinavyoning'inia kwenye bua jembamba kama uzi wa ndoana, inataka nyasi ndefu na upepo. Crocosmia ya machungwa inakaa ukingoni mwa msitu, karibu na kijito, kivulini. Gladiolus watsonioides, jekundu, linaishi juu kabisa kwenye mawe ya Kilimanjaro na Meru. Aristea ya uwanda wa juu imezoea usiku wa baridi kali na jua lisilo na fukuto. Uilete Dar, ambako hata saa tisa usiku shuka linalowa jasho, mizizi haipumziki. Mwaka 1998 nilileta shina moja kutoka shambani kwa marehemu baba yangu, nikalitunza kuliko nilivyotunza kitu chochote pale uani. Lilidumu wiki saba. Sijaleta jingine.

Nilimwomba mwenye kitalu tuzungumze. Ni mama wa makamo, mchapakazi, ana adabu. Alinipa kiti na maji ya kunywa. Nikamweleza yote haya. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, nakuelewa, lakini wateja wanalitaka. Nisipouza mimi, atauza wa jirani." Nikamwambia anacho tayari cha kuwauzia hao wateja, kiko nyuma ya tenki la maji. Kweli, pale nyuma, kwenye kivuli cha turubai, ana Dietes kama 40, ambazo vijana wake wanazizalisha wenyewe kwa kugawa mashina. Nayo ni ya jamaa hii hii. Dietes iridioides kwa asili ni mmea wa chini ya miti, unaanzia huku kwetu Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, na kivuli cha Dar unakivumilia vizuri. Ua lake ni jeupe, lina alama za njano, na katikati limepakwa zambarau hafifu. Linadumu siku moja, lakini lile bua usilikate, maana litachanua tena. Ninayo chini ya mwembe wangu mwaka wa nne sasa, nimegawia majirani watatu. Kifuko ni shilingi 5,000, na hakuna aliyekiandikia kibao.

Kwa hiyo, ukienda: viazi vya gladiola chukua, hasa Mei na Juni, ubonyeze kimoja kimoja, na rangi usiitegemee sana. Ukinunua vifuko viwili wanakuletea kwa bodaboda hadi Goba kwa 4,000, na kijana anakushushia hadi mlangoni. Dietes iulizie, usisubiri ionyeshwe. Kwenye vile vifuko saba vya getini, muulize anayekuuzia nani aliupanda mmea ule, kisha angalia udongo.

Nilipita tena wiki iliyopita kununua samadi. Vimebaki vitatu. Majani yamekuwa kahawia kuanzia nchani, mabua yamelala, na kibao cha airisi za porini kimefutwa bei ya zamani, kimeandikwa 10,000. Nilinunua Dietes mbili, za binti yangu wa Kimara, nikaondoka.