Aplikesheni za kukumbusha dawa: uzoefu wangu, kuanzia kengele mpaka ripoti ya daktari

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma mistari miwili mnaondoka. Zinasaidia, ila sio kwa ile sababu wanayoitangaza. Wao wanatangaza kengele, eti hutasahau dozi tena, sasa kengele nani hana? Kila simu ina alamu. Shida ya mtu anayemeza dawa kila siku, mwaka unaisha mwingine unaanza, sio kusahau kumeza tu, ile inayosumbua zaidi ni kusahau kama umeshameza. Unasimama na kopo mkononi unajiuliza hivi hiki nimeshameza au ninachokumbuka ni cha jana, maana siku zote zinafanana, kopo lile lile, glasi ile ile, kichwa hakina pa kushika. Ukimeza tena labda umezidisha, ukiacha labda umeruka, na kuna dawa ambazo yote mawili ni balaa. Alamu ya kawaida hapo haina msaada, ukishaizima imeisha hiyo, haijui ulimeza au uligeuka upande wa pili ukalala. Aplikesheni inabaki na alama: saa moja na dakika kumi, amemeza. Mi kwa hilo tu ningeitumia hata kama hailii kabisa.

Natumia dawa tatu, amlodipine ya presha, metformin ya sukari na levothyroxine ya thairoidi. Ukizisikia unaona vidonge tu, kumbe kila kimoja kina masharti yake. Levothyroxine inataka tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla hujala asubuhi, na ukiwa unatumia vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma au vya calcium inabidi vikae mbali nayo kama saa nne hivi, la sivyo vinaizuia isiingie vizuri mwilini. Metformin kinyume chake, hiyo meza na chakula, ukiidharau tumbo litakueleza. Amlodipine ndo haina makuu, mara moja kwa siku, chagua muda wako uushikilie. Sasa aplikesheni nzuri ni ile inayokuruhusu kuandika hayo masharti pale pale kwenye kikumbusho, yaani inapolia inakwambia "kabla ya kula" na sio "saa 12:30" peke yake. Naona hiki ndo kipimo cha kwanza cha kuangalia kabla hujahangaika na mengine. Ile ya kwanza niliyoweka, jina sitaji, ilikuwa na rangi nzuri na vipicha vya vidonge vya kila umbo, unachagua cha duara, cha mviringo wa yai, cheupe, cha pinki, ila sehemu ya maelezo hakuna. Nikaitoa.

Alafu kuna hili la kengele kutolia, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo malalamiko utakayoyakuta kila mahali, mtu anatoa nyota moja anaandika "haifanyi kazi", na mara nyingi kosa sio la aplikesheni ni la simu. Simu za Android zina tabia ya kubana programu zinazokaa kimya ili zitunze betri, na baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza ukali wao juu ya ule wa Android yenyewe, kwa hiyo hujaifungua aplikesheni siku mbili tatu simu inaiona haina kazi inailaza usingizi, na iliyolala haikuamshi. Juu ya hapo kuanzia Android 13 iliyotoka 2022 kila programu mpya lazima ikuombe ruhusa ndo ianze kukutumia notifikesheni, na wengi wetu tukiulizwa tunabonyeza kataa bila kusoma. Android 14 ikaongeza lingine, programu nyingi mpya hazipewi ile ruhusa ya kulia kwa dakika kamili mpaka mwenye simu aiwashe mwenyewe, usipoiwasha kengele inaweza kuja imechelewa. Kwa hiyo ukishaweka aplikesheni yoyote ya dawa nenda kwenye setingi za simu, tafuta jina lake, ruhusu notifikesheni, ruhusu alamu, na upande wa betri iambie isiibane. Angalia pia ile hali ya usisumbuliwe, kama unaiwasha usiku mpaka asubuhi basi dozi ya alfajiri itapita kimya kimya. Fanya jaribio, weka dawa ya uongo ilie baada ya dakika tano, funga skrini, weka simu pembeni usiiguse. Ikilia poa. Isipolia ujue bado kuna ruhusa umeisahau.

Niliyokaa nayo muda mrefu ni MyTherapy, ya Wajerumani, kampuni yake iko Munich. Ni ya bure. Kilichonishika sio kengele zake, ni kwamba mle mle unaandika na vipimo, presha, sukari, uzito, na unavyojisikia, alafu vyote vinatoka kama ripoti unayoweza kuiprinti au kumtumia daktari. Hapo kliniki ikabadilika kwa kweli. Zamani daktari akiniuliza "dawa unameza vizuri?" jibu ni moja tu, ndiyo daktari, hata mimi mwenyewe sijui kama ni kweli. Sasa namfungulia, anaona dozi za asubuhi ziko safi na za jioni zina matundu, hasa wikendi. Badala ya kuniongezea dawa kwa kudhani hizi hazifanyi kazi akauliza jioni huwa uko wapi. Tukahamisha amlodipine ikaja asubuhi. Ni kitu kidogo sana lakini bila yale matundu kwenye karatasi asingekijua, na mimi nisingekisema kwa sababu nilikuwa sijakiona.

Medisafe nayo nimeitumia, kwa sababu ya dada yangu. Historia yake inaeleweka haraka na mtu yeyote mwenye mgonjwa ndani: ilianzishwa 2012 na ndugu wawili, Omri na Rotem Shor, baada ya baba yao mwenye kisukari kujidunga insulini mara mbili kwa sababu hakukumbuka kama ameshajidunga. Si ndo ile ile niliyosema juu. Wana kitu wanakiita Medfriend, unamchagua mtu mmoja, ukipitisha dozi bila kubonyeza yeye anapata ujumbe. Dada akakubali kuwa mtu wangu. Faida naiona, ila ngoja niseme na upande wa pili maana sioni watu wakiusema. Inachosha uhusiano. Uko kwenye kikao, simu iko kwenye mkoba, dawa umeshameza ila hujabonyeza, tayari dada anapiga, "we vipi, dawa?" Mwanzoni unashukuru, baadaye unaanza kubonyeza "nimemeza" hata kabla hujafungua kopo ili tu asipige, na hapo mfumo mzima umekufa, maana aplikesheni haioni kidonge inaona kidole. Tulichokubaliana na dada ni kwamba akipata ujumbe asubiri kwanza, na akipiga asiulize dawa, aulize habari. Tumekaa kwa amani. Kwa mzee anayeishi peke yake au mtu anayejidunga insulini ningesema hicho kipengele usikiache, kwa mtu mzima mwenye vidonge viwili vya kawaida fikiria kwanza.

Wenye iPhone nyie hamhitaji kupakua chochote kuanza. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022 ile Health inayokuja na simu ina sehemu ya dawa, na iOS 17 ikaongeza kukukumbusha tena kama hujaweka alama. Sijaitumia sana, nimeiona kwa dada, ni kavu ila inatosha.

Sasa swali ambalo rafiki yangu mmoja anayefanya kazi duka la dawa huniuliza kila tukikutana: hizi kitu zinashusha presha kweli au zinakupa raha tu ya kubonyeza? Swali halali. Kuna utafiti wa Medisafe yenyewe uliochapishwa 2018 kwenye jarida la JAMA Internal Medicine, walichukua watu 411 wenye presha isiyodhibitiwa, nusu wakapewa aplikesheni, wakafuatiliwa wiki 12. Wenye aplikesheni walisema wanameza dawa vizuri kidogo kuliko wenzao, lakini presha yenyewe ilishuka kwa makundi yote mawili karibu sawa, kama 10 hivi kwa namba ya juu. Yaani aplikesheni haikuongeza kitu kwenye kipimo. Mi sikushangaa sana. Kumeza vizuri zaidi "kidogo" hakuwezi kufanya maajabu, na kama dozi uliyopewa ni ndogo au mwili wako unataka dawa nyingine hata ukimeza kwa saa ya ukutani hutashuka.

Linganisha na utafiti wa Kenya unaoitwa WelTel uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2010. Wale hawakuwa na aplikesheni hata kidogo, ilikuwa meseji ya kawaida mara moja kwa wiki kwa watu walioanza ARV, kituo kinauliza "Mambo?" na mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, nesi anampigia. Watu walikuwa 538. Waliopata meseji, 62 kwa mia walishika dawa vizuri, wasiopata 50 kwa mia, na virusi navyo vilifubazwa kwa wengi zaidi upande wa meseji, 57 kwa mia dhidi ya 48. Ona tofauti, ile meseji haikusema meza dawa! Iliuliza hali, na upande wa pili kulikuwa na binadamu anayepokea jibu. Ndo maana nikisoma tangazo la aplikesheni yenye akili bandia na pointi na zawadi na sijui vikombe vya dhahabu ukifikisha siku saba naangalia kwanza kitu kimoja, nikiandika nimepata kizunguzungu hiyo habari inaenda kwa nani? Nyingi inabaki humo humo kwenye simu. Kwa hiyo ile ripoti ipeleke mwenyewe, hakuna atakayekuja kuichukua.

Kuna eneo moja la kuwa makini kupita yote, dawa za mara moja kwa wiki. Methotrexate kwa wenye baridi yabisi inamezwa mara moja kwa wiki, na watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Aplikesheni nyingi ukiongeza dawa mpya inakuwekea "kila siku" bila kukuuliza, lazima uingie ndani ubadilishe. Kwa hiyo mtu akikuwekea wewe au unamwekea mzazi, soma ratiba nzima ya wiki mbele yake kwa sauti, Jumatatu nini, Jumanne nini, ndo mfunge. Na zile za kumeza ukihitaji tu kama paracetamol nazo ziandike, sio kwa ajili ya kengele, ni ili uone ya mwisho ulimeza saa ngapi maana mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge nane vya 500, na usiku una maumivu huhesabu vizuri.

Ukipitisha dozi, aplikesheni itakupa vitufe viwili vitatu, meza sasa, ruka, ahirisha. Haijui lipi ni sahihi kwa dawa yako. Kwa dawa nyingi ukikaribia dozi inayofuata unaacha iliyopita, hudablishi, lakini sio zote, uliza mfamasia siku unapochukua dawa, sio siku umeshapitisha, alafu jibu lake liandike kwenye ile sehemu ya maelezo.

Faragha. Jarida la BMJ lilichapisha 2019 uchunguzi wa aplikesheni 24 za mambo ya dawa za Android, 19 kati yake zilikuwa zinapeleka taarifa za watumiaji kwa kampuni nyingine. Sijaacha kutumia kwa ajili hiyo, ila jina langu kamili siweki, na kama inataka ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu wakati sijaomba kipengele cha ndugu, nakataa. Kwa mtu ambaye hataki waliokaa naye wajue anachotumia, notifikesheni inayotokea kwenye skrini iliyofungwa ikiwa na jina la dawa ni shida kuliko hata hizo kampuni. Ficha maandishi ya notifikesheni kwenye setingi, au dawa ipe jina lako mwenyewe. Yangu moja inaitwa "maji", inalia mbele ya watu hakuna anayegeuka. Mama mkubwa nimemwandikia kwa Kiswahili "kidonge cheupe cha presha, baada ya kula" maana majina ya kwenye boksi yanamchanganya na kila akibadilishiwa kampuni jina linabadilika, dawa ni ile ile.

Mwisho wake ni bakapu. Kabla hujabadilisha simu angalia kama aplikesheni yako inahifadhi kwa akaunti au kwenye simu tu, zile za kwenye simu tu zinaondoka na simu, ratiba na historia yote. Toa ripoti ya faili, jitumie kwenye barua pepe. Na kwenye simu mpya zile ruhusa za betri na alamu unazianza upya, hazihami.