Mkanda wa kumshikia mgonjwa anayeanza kutembea baada ya upasuaji: uzoefu wangu

Nimetumia aina mbili wodini: wa pamba, upana wa sentimita 5, wenye bizimu ya chuma ya meno, na ule mpana wenye vishikio pembeni na kifungo cha plastiki. Wa vishikio ni bora zaidi. Unaingiza mkono kutokea chini, kiganja kikitazama juu, na mgonjwa akiyumba hakuponyoki. Wa pamba ukilowa damu au mkojo hauna budi kufuliwa. Wa vishikio, ukiwa wa plastiki, unafutwa kwa dawa ya kuua vijidudu.

Mkanda hufungwa kiunoni mgonjwa akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo chini, juu ya nguo na si kwenye ngozi. Bizimu isikae katikati ya tumbo, na pabaki nafasi ya vidole viwili. Akishasimama, kaza tena, maana tumbo huingia ndani na mkanda ukilegea hupanda hadi mbavuni.

Wengi huugeuza kamba ya kuvutia mzigo. Kazi yake ni kuongoza tu. Asiyeweza kunyanyua makalio mwenyewe anahitaji mashine ya kunyanyulia, hata muwe wahudumu watatu wenye nguvu.

Wala haumwambii mhudumu kama mgonjwa yuko tayari. Dawa ya maumivu ya kumeza itangulie kwa dakika 30 hadi 45. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, arudi kukaa. Aliyechomwa ganzi ya mgongo anyanyue kwanza mguu ulionyooka akiwa kitandani. Akishindwa, goti linaweza kukunjika hatua ya kwanza.

Kasoro yake kubwa ni kwa waliopasuliwa tumbo: unakaa palepale penye mshono. Kwao nauacha kabisa. Natumia fremu ya kutembelea, vishikio vikiwa usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, mhudumu mmoja ubavuni na mwingine kwenye stendi ya dripu. Mfuko wa mkojo ubaki chini ya kibofu (watu huuning'iniza juu kwenye stendi, mkojo ukarudi ndani).

Mgonjwa akianza kuanguka, usishindane naye. Mvute karibu kwa mkanda, tanguliza mguu mmoja, ateleze juu ya paja lako hadi sakafuni. Migongo ya wahudumu huumia kwa kung'ang'ania kumsimamisha.

Kabla ya kununua, vuta kila kishikio kwa nguvu ukikagua nyuzi. Ndipo unapoanza kuchanika.