Ofisi ya ushauri wa vyuo Mwenge, kwa wenye watoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia fomu siksi) wanaotaka udaktari

Nyota nne kati ya tano. Jina la ofisi anayetaka aje inbox, ipo ghorofani pale Mwenge, elfu thelathini unalipa mara moja tu hata ukirudi tena na mtoto.

Binti yangu tangu mdogo wimbo wake ni udaktari, na ukigusa tu habari ya plani B anaona wazazi wake ndo wa kwanza kumkatia tamaa, yani nyumbani hiyo mada ilikuwa haiongeleki kabisa. Yule kijana mshauri nilivyoanza tu kueleza akaniambia kwa heshima, "Mama, naomba mdogo wangu aongee mwenyewe kwanza." Akamuuliza, ukijiona hospitali unajiona unafanya nini? Mtoto akasema nakaa na mgonjwa namsikiliza namtibu. Basi mazungumzo yote yakaanzia hapo, angesema dawa wangeenda kwenye famasia, angesema vipimo wangeenda maabara, lakini kwa jibu lake akamuonyesha diploma ya utabibu, ile watu wanaita klinikal, miaka mitatu, unatibu wagonjwa kweli na ukitoka na GPA nzuri, yani wastani wa alama zako, unaomba MD, ile digrii ya udaktari, kwa njia ya diploma. Binti hakuwa anajua kama hiyo njia ipo! Alidhani ukikosa fomu siksi ndo basi tena.

Halafu akaomba cheti cha fomu foo, mimi nikashangaa si tumeshavuka huko jamani, kumbe ukipitia diploma vyuo vinarudi kuangalia Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hesabu na Kiingereza vya kidato cha nne. Wazazi wenye watoto fomu tuu na fomu thrii hili mlishike sasa hivi, mtoto asiitupe Hesabu eti yeye ni wa sayansi ya afya.

Kwenye kuomba vyuo alikuwa mkweli sana. Alieleza alama za fomu siksi zinavyohesabiwa, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kwamba kufikisha kile kiwango cha chini kinachoandikwa siyo kupata nafasi, Muhimbili wanaomba wengi wenye alama za juu kuliko hapo. Kosa analoliona kila mwaka ni mtoto kujaza udaktari Muhimbili, udaktari KCMC, udaktari Bugando, udaktari Dodoma, bila kitu kingine chochote, dirisha la kwanza la maombi linapita hana chuo na kozi nzuri za uuguzi na famasia zimeshajaa. Alimsaidia kupanga machaguo yake, MD juu, uuguzi na famasia chini yake, na binti ndo alichagua mpangilio mwenyewe siyo mimi. Kurisiti pia waliongea, ila akamuuliza ni somo gani hasa litapanda na kwa nini, hakumpa matumaini ya bure.

Nyota ya tano imekatwa na upande wao wa vyuo vya nje. Pale mapokezi kuna dada anawakamata wazazi na vipeperushi vya vijana wenye makoti meupe, nikamuuliza chuo hiki TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, wanakitambua? Mtoto akirudi, Baraza la Madaktari Tanganyika litamsajili vipi? Akanijibu "hayo ni baadaye mama, nafasi zinaisha." Hapana. Ada ya miaka mitano ama sita mzazi anauza kiwanja, hayo ndo maswali ya kwanza kabisa na ofisi inayochukua hela ya ushauri inatakiwa iwe na majibu.

Nendeni kabla matokeo hayajatoka, Julai foleni inafika kwenye ngazi. Bebeni cheti cha kidato cha nne, na pale mapokezi semeni mapema mmekuja kwa vyuo vya ndani, mtapelekwa moja kwa moja chumba cha kushoto.