Uzoefu wangu na kidude cha USB cha kuhamishia kanda za VHS: Ozzy, Theo na Norm

Julai 2025 iliondoka na wawili kwa mpigo: Malcolm-Jamal Warner, yule Theo wa The Cosby Show, tarehe 20, na Ozzy Osbourne wa Black Sabbath tarehe 22. Mei alikuwa ametangulia George Wendt, Norm wa Cheers. Misiba ya namna hii huwafanya watu wafungue makabati, watoe kanda za VHS na kununua kile kidude cha USB cha kuzihamishia kwenye kompyuta, chenye plagi za njano, nyekundu na nyeupe na tundu la S-Video. Nimekitumia kwa kanda za vipindi na za muziki. Kwa bei yake kinatosha. Kazi huharibikia kwenye deki (mashine ya kuchezea kanda) na kwenye programu.

Kwanza chagua kanda. Cheers ilipigwa kwa filamu, kwa hiyo mwenye haki ameweza kuiskani upya na kutoa HD safi. Kupoteza saa nzima kunakili kipindi chake kutoka VHS ni kujichosha bure. The Cosby Show ilirekodiwa kwa kanda za video, haina picha kubwa iliyojificha mahali, lakini hata hiyo DVD yake inaishinda kanda yako. Thamani iko kwenye vitu visivyouzwa: mahojiano, matangazo ya biashara ya katikati, na matamasha ya moja kwa moja. Mfano ni Live Aid ya 13 Julai 1985, ambako Ozzy alirudi jukwaani na wenzake wa Black Sabbath pale Philadelphia. Tamasha lilichukua saa kama 16, na DVD rasmi ya 2004 haikubeba kila kitu.

Urefu huo ndio chanzo cha taabu. Kanda ya E-180 hubeba saa 3 kwa mwendo wa SP (wa kawaida), saa 6 kwa LP (wa polepole), na wengi walirekodi kwa LP ili wabanie kanda. Kwa LP njia za picha kwenye utepe ni nyembamba, hivyo deki ya hedi (visomaji vya utepe) mbili huleta michirizi hata ukizungusha tracking, kitufe cha kulenga njia hizo, mpaka mwisho. Tafuta deki ya hedi 4, na iwe Hi-Fi: sauti ya Hi-Fi husomwa na hedi zinazozunguka, ile ya kawaida husomwa na hedi iliyosimama, na gitaa la Tony Iommi wa Black Sabbath kwenye ile ya kawaida hufifia kabisa.

Halafu mfumo. Kanda iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ni ya mfumo wa NTSC, mistari 525 kwa kila picha. Iliyorekodiwa Kenya, Tanzania au Uingereza ni PAL, mistari 625. Deki ya PAL inayojigamba kucheza NTSC mara nyingi hutoa mchanganyiko uitwao PAL60. Runinga inaukubali, kidude kinaonyesha nyeusi na nyeupe au picha inayoruka. Hapo watu hukirudisha dukani wakidai ni kibovu. Tumia deki inayotoa NTSC halisi, kisha weka kidude kwenye NTSC na ukubwa wa picha wa 720x480. Kwa PAL ni 720x576.

CD inayokuja na kidude iache kwenye boksi. Programu za aina hiyo hubana picha mno na kuunganisha mistari ya witiri na ya shufwa (VHS hutoa kila picha kwa nusu mbili, za mistari hiyo kwa zamu) papo hapo, kwa njia mbaya. OBS, programu ya bure ya kurekodi, nayo haihifadhi mistari hiyo ikiwa imetengana. Programu ya VirtualDub inahifadhi, rekodi kwa Huffyuv (njia ya kubana video bila kupoteza ubora) na utenge GB 30 hadi 40 kwa kila saa ya kanda. Kuunganisha mistari fanya baadaye, tena kwa kuangalia chanzo. Kipindi cha kanda ya video kama The Cosby Show kigeuze kuwa fremu 59.94 kwa sekunde, mwendo ubaki laini. Cheers ya NTSC irudishe kwenye fremu 23.976 za filamu yake. Kama kipindi cha Marekani kilirekodiwa kutoka kituo cha PAL, ule ukungu wa fremu mbili kupandana uliingia wakati wa kubadilisha mfumo, na hautoki.

Lawama inayosikika zaidi ni sauti kuachana na midomo. Utepe wa zamani hautoi picha kwa mwendo ulio sawa. Kidude kinaangusha fremu, sauti inaendelea. Dawa yake ni kupitisha picha kwenye rekoda ya DVD kabla ya kidude, deki ikiingia kwenye line-in (tundu la kuingizia) ya rekoda. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinasifika kwa kazi hii, na hunyoosha pia picha inayopinda juu. Michirizi ya chini kabisa ya picha ni kawaida ya VHS. Ifunike kwa ukanda mweusi, usikate.

Kwa wa pwani, Mombasa, Tanga, Unguja: chungulia dirisha la kanda kwa tochi. Ukiona madoa meupe ukingoni mwa utepe ni kuvu, na ukiicheza utaiambukiza deki na kila kanda itakayofuata. Kanda safi iliyokaa miaka ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, ndipo uicheze. Hedi hufutwa kwa spiriti ya isopropili 99% na kipande cha ngozi laini: shikilia ngozi imetulia, zungusha ngoma (silinda inayobeba hedi) kwa mkono, usipandishe wala kushusha. Pamba marufuku, nyuzi zake hunasa na kuvunja hedi.

Kwa kaseti za sauti kidude hiki sikishauri, kwa sababu huongeza mvumo. Tumia line-in ya kompyuta na programu ya Audacity, kilele cha sauti kisizidi -6 dB, na washa Dolby B (ya kupunguza kelele za utepe) iwapo tu kaseti ilirekodiwa nayo. Sauti ikiwa butu, skrubu ndogo pembeni mwa hedi igeuze taratibu huku ukisikiliza kwa mono, mpaka matoazi yang'ae.